Maswali Yenu: Eclipse Alikuwa na Mama Pia

Tangu nimtaje Eclipse, farasi wa mbio wa Uingereza wa karne ya 18, kwenye safu hii, maswali hayajakoma. Nimechagua machache. Wanaouliza "farasi bora wa wakati wote ni yupi" wanisamehe, hilo nimelijibu vya kutosha.

Nimeonyeshwa farasi jike wa thorobredi, ile aina ya farasi wa mbio, hapa Nairobi. Muuzaji anadai bei ya juu kwa kuwa ana "damu ya Eclipse asilimia 95". Nilipe?

Usiongeze hata shilingi moja kwa sababu hiyo. Kila mwezi naulizwa jambo hili na kila mara kosa ni lilelile. Kinachosemwa ni kwamba katika thorobredi 100 wa leo, wapatao 95 ukiwafuata kwa baba, baba wa baba na kuendelea hivyo bila kupitia kwa mama yeyote, utamkuta Eclipse. Basi. Haina maana kwamba damu yao ni yake. Rudi vizazi 10 nyuma: farasi mmoja ana nafasi 1,024 za mababu na mabibi, na mkondo wa baba mtupu unashika nafasi moja tu kati ya hizo.

Eclipse mwenyewe ni ushahidi. Ni mwana wa Marske, mwana wa Squirt, mwana wa Bartlett's Childers, mwana wa Darley Arabian, dume aliyenunuliwa Aleppo, Syria, na kupelekwa Uingereza mwaka 1704. Hiyo mnaikariri. Mama yake, Spilletta, hamumtaji, na yeye ni binti wa Regulus, mwana wa Godolphin Arabian, dume mwingine mwanzilishi wa thorobredi. Koo mbili kubwa zilikutana tumboni mwa jike huyu, lakini watu wanahesabu moja.

Na bei isikutishe. Wildman, mfanyabiashara wa nyama wa London aliyemmiliki Eclipse alipoanza mbio, alimpata Marske kwa gini 20 (gini ni sarafu ya zamani ya Uingereza, zaidi kidogo ya pauni). Mwana alipoanza kushinda, Earl wa Abingdon akamchukua baba kwa gini 1,000. Dume ni yuleyule, damu ileile. Muulize muuzaji wako: mama wa huyu jike amezaa nini? Ndugu zake wamekimbia vipi pale uwanja wa mbio wa Ngong? Kisha mwambie saisi amtembeze mbele yako kwenye sakafu ngumu, nawe uitazame miguu. Majibu yakikosekana, nenda zako.

Kwa nini Eclipse hakushinda Derby?

Derby, mbio kubwa za Epsom, Uingereza, ilianza 1780. Eclipse alistaafu mbio 1771. Tazameni tarehe kabla ya kuandika.

Ule usemi "Eclipse wa kwanza, waliobaki hawapo" si majigambo tu?

Hapana, ni lugha ya kanuni. Tarehe 3 Mei 1769 huko Epsom, Eclipse alikuwa anakimbia kwa mara ya kwanza. Zawadi ilikuwa pauni 50, mbio za duru, yaani farasi walewale hushindana tena na tena siku hiyohiyo, kila duru maili 4. Baada ya duru ya kwanza, ambayo aliishinda bila jasho, Dennis O'Kelly wa Ireland aliweka dau kwamba atataja farasi wote watakavyofuatana kwenye duru ya pili. Akataja hivyo mlivyosikia. Zama zile kulikuwa na mlingoti yadi 240 kabla ya mstari wa mwisho, na farasi ambaye hajaufikia wakati mshindi anamaliza hakupewa nafasi yoyote. Huyo ndiye "hayupo". Wote waliachwa nyuma ya mlingoti, na O'Kelly akalipwa.

Husimuliwa kwamba wapelelezi wa wacheza kamari walikwenda kumtazama akifanya mazoezi, wakachelewa. Wakamkuta bibi mmoja, akawaambia ameona farasi mwenye mguu mweupe akitimua mbio, na mwingine nyuma yake sana ambaye hata wangefika mwisho wa dunia asingemkamata.

Sasa msikichukue kisa hiki kama kibali cha kubeti. O'Kelly huyu alikuwa amekwisha kufungwa kwa madeni. Fedha ya maana aliipata alipomnunua farasi mwenyewe: nusu kwa gini 650, nusu iliyobaki kwa gini 1,100.

Mwanafarasi wangu ana miezi 20 na ana nguvu. Nianze kumkimbiza?

Eclipse alizaliwa tarehe 1 Aprili 1764, siku jua lilipopatwa, akashindana kwanza akiwa na miaka 5. Alikimbia mara 18, hakushindwa hata mara moja, akaondoka mzima kwa kukosa wa kushindana naye. Mifupa ya mgongo hukomaa mwisho kabisa. Nimeona wanafarasi wazuri wakiharibiwa magoti kabla ya kutimiza miaka 3 kwa sababu mwenye mali hana subira. Mwache akue, nakuomba.

Kama alikuwa dume bora hivyo, mbona hakuwahi kuongoza orodha ya madume wa mwaka, wale ambao watoto wao wamefanikiwa zaidi kwenye mbio?

Swali zuri kuliko yote. Herod, dume mwingine wa zama zile, aliongoza miaka 8 mfululizo, 1777 hadi 1784, kisha mwanawe Highflyer akapokea. Eclipse alizaa washindi wa Derby watatu, Young Eclipse, Saltram na Sergeant, lakini mbele yake daima alikuwa Herod au mwanawe. Tazama ukoo wake ulivyosimama, hata hivyo. Mwanawe Pot-8-os alipandishwa kwa Maria, binti wa Herod, akapatikana Waxy, mshindi wa Derby ya 1793. Mwana mwingine, King Fergus, alipandishwa kwa binti wa Highflyer, akapatikana Hambletonian, mshindi wa St Leger, mbio nyingine kubwa ya Uingereza, ya 1795. Jina likabaki la Eclipse kwa kuwa tunahesabu kwa baba. Mabinti wa ukoo wa Herod ndio waliobeba mimba.

Mifupa yake iko wapi?

Chuo cha Royal Veterinary, Hawkshead, kaskazini ya London. Alikufa kwa msokoto wa tumbo Februari 1789, na daktari wa mifugo Mfaransa, Sainbel, akampasua na kumpima. Alimkuta kiuno kimepanda juu kuliko mabega. Kuhusu kwato: zinazodaiwa kuwa zake zimezidi nne, kwa hiyo anayekuuzia moja mwache nayo.