Programu huria za kusafisha na kujumlisha hesabu za korosho

SWALI: Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika wilayani Newala. Ninazo faili za Excel za misimu sita ya korosho, zenye jina la mkulima, kijiji, namba ya uanachama, tarehe ya kupima, daraja na kilo. Leseni ya programu imekwisha muda, kompyuta mpakato yetu ina kumbukumbu ya GB 4 tu, na intaneti huku ni ya kubahatisha. Bodi inataka jumla ya kila mkulima kwa kila msimu. Kijana mmoja amenishauri nijifunze Python. Je, ziko programu za bure zinazotosha, na nianze na ipi?

JIBU: Ndugu karani, programu huria zipo na zinakutosha, ila nisingekushauri uanze na Python. Ni lugha nzuri, na maktaba yake ya pandas, ambayo Wes McKinney alianza kuitengeneza mwaka 2008, inaweza kufanya yote unayoyataka. Lakini itakubidi kwanza ujifunze kuandika programu, ilhali kinachokukwamisha si ukokotoaji. Lahajedwali ya kawaida hubeba mistari 1,048,576, na sidhani kama chama kimoja cha msingi kinaikaribia idadi hiyo kwa misimu sita. Tatizo ni kwamba mkulima yuleyule huenda ameandikwa kwa namna tatu katika faili sita, na hapo programu yoyote itamhesabu kuwa watu watatu.

Anza na LibreOffice, ambayo hufungua faili za Excel bila leseni ya kulipia. Faili za asili zinakili kwenye flashi, uziweke mahali salama na usiziguse tena. Kazi yote ifanyike kwenye nakala. Unganisha misimu yote katika jedwali moja na uongeze safu ya msimu, kwa sababu mauzo yanayoanza Oktoba huweza kuvuka mwaka, na ukikusanya kwa mwaka wa kalenda utaukata msimu mmoja vipande viwili. Safu ya namba ya uanachama iwe ya maandishi, la sivyo 00417 itageuka 417 na kuacha kulingana na daftari. Kisha hifadhi jedwali hilo kwa muundo wa CSV, yaani faili ya maandishi matupu ambayo thamani zake hutenganishwa kwa mikato.

Sasa lipeleke kwenye OpenRefine, programu huria ya kusafisha majedwali. Programu hii ilitoka mwaka 2010 na baadaye ikaitwa Google Refine. Tangu mwaka 2012 inaendelezwa na jamii ya watumiaji wake kwa jina la sasa. Inahitaji Java, programu saidizi inayoiendesha, kwa hiyo pakua toleo lililofungashwa pamoja nayo. Hufunguka ndani ya kivinjari, jambo linalowafanya wengi wadhani kwamba inatuma taarifa mtandaoni, lakini inafanya kazi ndani ya kompyuta yako, hata intaneti ikikatika. Hilo si dogo, kwani orodha ya wanachama inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na haifai kuibandika kwenye tovuti usiyoijua.

Uwezo utakaokusaidia zaidi ni ule wa kukusanya maandishi yanayofanana. Njia yake ya kwanza hugeuza herufi zote kuwa ndogo, huondoa nukta na mikato, kisha huyapanga maneno kwa alfabeti, ndiyo maana “SAIDI, Hamisi” na “Hamisi Saidi” huangukia kundi moja. Njia hiyo haitaona kwamba “Saidi” na “Said” ni jina moja. Kwa hilo tumia kipimo cha Levenshtein, kinachohesabu ni herufi ngapi zibadilishwe, ziongezwe au zipunguzwe ili neno moja liwe jingine. Zipo pia njia zinazofuata matamshi, lakini ziache, kwa kuwa zile za Metaphone zimejengwa juu ya matamshi ya Kiingereza na zitakupotosha katika majina yetu.

Kubwa zaidi ni kwamba programu inapendekeza tu, na mwenye kuamua ni wewe. Pwani yetu ina akina Mohamedi Saidi wengi, na kuwaunganisha wawili wa vijiji tofauti ni kosa baya kuliko kumwacha mmoja ametawanyika, kwa sababu linampa mtu kilo za mwenzake. Usiunganishe jina lolote kabla ya kulinganisha kijiji na namba ya uanachama. Na pale namba inapokosekana, mwulize mtu wa kijiji hicho. Kila hatua huandikwa katika historia ya kazi, hivyo unaweza kuitengua, au kuihifadhi na kuirudia kwenye faili ya msimu ujao.

Jedwali likishakuwa safi, liingize kwenye SQLite, hifadhidata nyepesi isiyohitaji seva, kupitia programu ya DB Browser. Ukiliita jedwali “mauzo” na safu zake “namba” (ya uanachama), “msimu” na “kilo”, amri moja inatosha:

SELECT namba, msimu, SUM(kilo) FROM mauzo GROUP BY namba, msimu;

Lugha ya R, iliyobuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, iache kwa sasa. Utaihitaji siku bodi itakapouliza maswali ya kitakwimu, kwa mfano kama daraja hushuka kadiri tarehe ya kupima inavyochelewa.

Kabla ya kuikabidhi bodi taarifa hiyo, linganisha jumla ya kilo za kila msimu na stakabadhi za ghala. Zikipishana, angalia kwanza safu ya kilo: kisanduku kilichoandikwa “1,250” kwa mkato huweza kuingia kama maandishi, na SQLite haitakihesabu kuwa 1250 wala haitakupa onyo lolote.