Masaji ya mara ya kwanza: navua nini, nasema nini?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni fundi cherehani, nakaa kwenye mashine kutwa nzima, mabega na kiuno vinaniuma sana. Dada yangu kanilipia masaji ya saa moja saluni moja huku Sinza na sijawahi kufanyiwa. Naona aibu kuvua nguo, alafu nasikia inauma, sa nikiumia naruhusiwa kusema au navumilia tu? Na wachuaji wengine ni wanaume. Halafu natumia dawa za presha.
Fundi, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na mabega. Presha umeitaja mwishoni, mi naanza nayo, maana hilo ndo la kumwambia mchuaji kabla hata hujavua viatu. Mwenye presha iliyotulia kwa dawa anachuliwa vizuri tu, ila ukilala saa nzima alafu ukanyanyuka ghafla, na dawa zenyewe zinashusha presha, kizunguzungu kinakukamata hapo hapo. Ukimaliza kaa kwanza pembeni mwa kitanda, utulie, ndo usimame. Mwambie pia kama una mimba, una sukari, umefanyiwa operesheni karibuni au kuna mafuta yanakuwasha. Na we unayekaa kutwa angalia miguu yako: kigimbi cha mguu mmoja kikivimba, kina moto na kinauma, usiende masaji kabisa, nenda hospitali, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa na lile bonge likisukumwa linaweza kufika kwenye mapafu.

Nguo unavua mpaka pale roho yako iliporidhika. Mchuaji anatoka nje, unavua, unalala kifudifudi, unajifunika shuka, ndo anabisha hodi anaingia. Anafunua sehemu anayoifanyia kazi tu, akimaliza mgongo anaufunika ndo anaenda mguuni. Chupi baki nayo. Ukitaka kubaki na taiti na tisheti sema, atakuchua juu ya nguo bila mafuta.

Kuumia sasa, sema mwanangu, tena sema mapema! Wengi wanang'ata meno wakidhani ndo dawa inaingia, kumbe misuli ikisikia maumivu makali inazidi kukaza na hela imeenda bure. Akibonyeza fundo la begani utasikia yale maumivu ya "ehee hapo hapo", hayo sawa, ila ukijikuta umebana pumzi ujue amezidisha, na ikikuchoma au ganzi ikishuka mkononi mwambie aache. "Dada punguza kidogo" inatosha, yeye hasikii unachosikia wewe. Na kabla hajaanza mwonyeshe unavyokaa kwenye cherehani, mkono gani unasukuma kitambaa, kiuno kinauma upande gani, la sivyo nusu saa yote itaishia kwenye nyayo. Stori sio lazima, ukitaka kunyamaza nyamaza, hata usingizi ukikupitia hamna shida.

Kesho yake unaweza kuamka mwili umechoka kama umelima, siku moja au mbili uchovu huo unaisha, ukiendelea zaidi ya hapo nenda kapimwe.

Kuhusu mwanaume, piga simu leo useme unataka mchuaji wa kike, watu wanaomba hivyo kila siku. Na awe mwanaume awe mwanamke, sehemu za siri hazihusiki na masaji, mkono ukielekea huko mwambie aache, vaa nguo zako uondoke hata kama muda haujaisha, na mwenye saluni aambiwe.