Futi Iliyotoka Shingoni Mwangu

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliacha kwanza cherehani ili niisome kwa utulivu. Unaniuliza kama nitaona haya ukiikubali nafasi uliyopewa huko Kampala, katika mchezo wa kuigiza unaohusu ardhi, ambamo utakuwa mmoja wa wanawake wanaovua nguo mbele ya wakubwa, kama walivyofanya akina mama wa Kiacholi kule Apaa, kaskazini mwa Uganda, Aprili 2015, mawaziri walipofika kwa shughuli ya kuweka mpaka. Unasema mwongozaji amekuachia hiari, na mama yako amekujibu kwa maneno matatu tu: muulize baba yako. Mama yako anajua kwa nini amekutuma kwangu.

Kuhusu kuona haya nitasema baadaye, nikijaliwa. Kwanza nataka kukueleza jambo la mwaka 1972, ambalo umekuwa ukilisikia nusunusu kwa shangazi yako na ambalo mimi sijawahi kukuhadithia hata mara moja.

Mwaka ule serikali ya Amin ilipiga marufuku sketi na magauni mafupi, na sheria yenyewe ilihesabu inchi kuanzia gotini kwenda juu. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita, nikijifunza kazi kwa marehemu mjomba barazani pa duka la Mhindi mmoja hapa Jinja, ambaye miezi michache baadaye alifukuzwa nchini pamoja na wenzake. Wanawake walipanga foleni ili tuwashushie pindo. Ambao pindo lao halikutosha tuliwaungia kipande cha kitambaa kingine kwa chini, hata mji ukajaa magauni ya rangi mbili, na kila aliyeyaona alijua maana yake. Mjomba alipokea fedha zile bila furaha. Alikuwa na desturi moja ambayo nimeishika mpaka leo: hakumgusa mteja kwa futi kabla ya kumwambia, "Kwa ruhusa yako, mama," hata kama mteja mwenyewe ndiye aliyekuja kushonewa.

Shangazi yako wakati huo alikuwa na miaka kumi na tisa, na alikuwa na gauni la manjano alilolipenda kuliko nguo zote. Aliniomba nilishushe kidogo tu. Nikashusha vidole viwili, nikaona limeanguka vizuri, nikaacha hapo. Ulikuwa mshono wangu wa kwanza kuufanya peke yangu tangu mwanzo hadi mwisho, na nilijivuna nao. Jumamosi nikafuatana naye sokoni huku futi ikining'inia shingoni, kama wanavyofanya vijana wanaotaka watu wajue kwamba ni mafundi. Askari mmoja akatusimamisha. Hakuwa na rula wala kijiti. Akatazama huku na huku, akaiona futi yangu, akaivuta shingoni mwangu bila kusema neno, kisha akapiga goti barabarani na kumpima dada yangu mguu mbele ya watu, kama anayepima mbao. Watu walicheka. Baadhi yao walikuwa wanawake tuliowashushia pindo wiki ileile. Askari alipomaliza, aliishikilia futi pale pale ilipoishia, akaniambia, "Wewe si fundi? Soma."

Nikasoma, mwanangu. Nilisoma kwa sauti, na sikukosea hata robo ya inchi.

Usiku ule shangazi yako alikaa karibu na taa ya chemni akifumua pindo langu kwa wembe, uzi mmoja mmoja. Kuhusu askari hakusema lolote. Aliniambia tu, "Ulisoma sawasawa." Mpaka leo sijajua kama alinilaumu au alinionea huruma, na nimeogopa kumuuliza kwa zaidi ya miaka hamsini.

Ndiyo maana nimekuwa nikikuambia tangu ukiwa mdogo, mpaka ukachoka nami, kwamba mwili haupimwi ila kwa ruhusa ya mwenyewe. Mwaka 1974 walirudi tena na marufuku ya suruali na nywele za bandia kwa wanawake, na ikawa yaleyale. Februari 2014, iliposainiwa ile sheria dhidi ya ponografia, neno sketi halikuwamo, lakini wahuni wa mitaani walilisoma humo wakaanza kuwavua wanawake nguo hadharani. Unakumbuka nilivyokuja mpaka chuoni kwako na leso mbili mfukoni, nawe ukanicheka kwa sababu ulikuwa umevaa gauni la kufika miguuni. Hukujua nilichokuwa nimekiona nilipokuwa kijana. Hata Agosti 2021, Mahakama ya Katiba ilipotengua baadhi ya vifungu vya sheria ile na ukanipigia simu kwa furaha, nilinyamaza kwa muda, ukadhani mtandao umekatika.

Sasa utaniambia kwamba haya yote yanauunga mkono upande wako: wewe mwenyewe umeruhusu, basi baba ana neno gani? Nimelifikiria hilo. Nimefikiria pia kile kitabu cha Okot p'Bitek cha 1966, Song of Lawino, ulichoniletea kutoka Makerere. Lawino, yule mke wa Kiacholi anayesema humo, anaitetea ngoma ya kwao kwa hoja nzuri kabisa, kwamba inachezwa mchana peupe, mahali ambapo mwili hauwezi kuficha kasoro wala afya yake. Nilimpenda kwa hilo. Lakini yeye huyohuyo anamgeukia mwanamke mwenzake na kumchambua midomo, poda na kifua, kiungo baada ya kiungo, na hapo nikakiweka kitabu chini, kwa kuwa niliiona futi mkononi mwa mtu aliyestahili kujua uzito wake zaidi ya wote.

Nimemfikiria pia Robert Serumaga, yule mwandishi wa michezo ya kuigiza. Katika miaka ile ya Amin, neno moja lilipoweza kumuua mtu, kundi lake la Abafumi lilipunguza maneno jukwaani na kuiachia miili ya waigizaji iseme. Katika mchezo wao wa 1974, Amayirikiti, mauaji ya nchi hii yalisemwa kwa viungo vya watu. Byron Kawadwa, mwandishi mwenzake wa michezo aliyeendelea kuandika maneno na nyimbo, aliuawa mwaka 1977. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba mwili jukwaani ni upuuzi. Kuna wakati hapakuwa na njia nyingine salama ya kusema kweli, na hata hiyo haikuwa salama.

Hata hivyo, jambo moja linanikwama. Wale akina mama wa Apaa hawakuwa wakionyesha kitu. Mzazi wa Kiacholi anapovua nguo mbele ya mwanamume aliyemdhulumu, anamwekea laana kwa tumbo lililozaa, na wanaume wengi hukimbia kwa hofu. Wewe huna mtoto bado, na watakaokuwa mbele yako wamelipa kiingilio wakakaa kitako. Hawatakimbia. Watatazama, na miongoni mwao watakuwamo wanaopima. Je, laana inaweza kuigizwa bila kugeuka tamasha? Wakati mwingine najibu hapana. Kisha nakumbuka kwamba wengi nchini hawajui Apaa iko wapi, na labda hao wenye tiketi watakwenda nyumbani wakiuliza. Kisha narudi palepale.

Nina jibu langu, na limekuwa kwenye ncha ya kalamu tangu ukurasa wa kwanza. Silitii humu, na kulizuia kunaniuma, kwa kuwa mimi ni baba yako na nimezoea kusema. Lakini nilishasoma kipimo cha mwanamke mmoja wa nyumba hii kwa amri ya mtu mwingine.

Ukikubali, mwambie mwongozaji kwamba nguo ya kuvua nitaishona mimi. Iwe gomesi ya kweli, gauni refu la mama zetu, lenye mshipi unaochukua muda kufunguka, si kitambaa cha kudondoka kwa mvuto mmoja. Vipimo vyako vya Idi ya juzi vimo daftarini, ila nasikia umekonda. Jipime upya, uniandikie. Na kabla hujaamua, mpigie shangazi yako simu. Mwambie nimekuandikia habari za gauni la manjano, kisha umsikilize.

Ni mimi baba yako,
Jinja