Maswali na majibu: Kambi ya Msingi ya Everest na siku mnazotaka kuzikata

Barua za safari hii zimejaa mezani, na nyingi zinauliza bei na viatu. Nimechagua zinazonipa nafasi ya kurudia lile ninalolisema kila mwaka: ukitaka kupunguza gharama, punguza kingine chochote, usipunguze siku.

Nilifika Uhuru mwaka jana kwa siku sita, hata kichwa hakikuniuma. Kambi ya Everest iko chini ya Kilimanjaro. Kwa nini nilipie siku kumi na mbili? (Msomaji, Arusha)

Hongera kwa Uhuru. Ni kweli kilele chetu kina mita 5,895 na kambi ile iko mita 5,364. Lakini umelinganisha mwisho wa safari, hukulinganisha mahali pa kulala. Kwa njia ya Machame unafika Barafu, mita 4,673, unajinyoosha saa chache, unaamshwa usiku wa manane, na jioni ya siku hiyohiyo uko Mweka unakula wali. Kilimanjaro inakubana usiku mmoja, kisha inakuachia.

Khumbu, eneo la Nepal ilipo kambi ya Everest, haikuachii. Unalala Dingboche, mita 4,410, usiku mara mbili. Kisha Lobuche, 4,940. Kisha Gorak Shep, 5,164, ambako kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata ukiwa Tanga ufukweni. Hamu ya kula inapotea, usingizi unakatika, kikohozi cha hewa kavu kinaanza. Na ile hali ya mwili kuzoea uliyoipata mwaka jana haipo tena, maana hupotea ndani ya wiki chache baada ya kushuka.

Nimeongoza watu Kilimanjaro kwa miaka mingi. Nimeshusha kwa machela ya tairi moja vijana wenye vifua vya wanariadha ambao safari ya kwanza walipanda wakiimba. Kutoumwa mara moja si kinga. Lipia siku kumi na mbili.

Nina likizo ya siku 14, kuondoka na kurudi Nairobi. Nipangieni ratiba. (Msomaji, Nairobi)

Ratiba hiyo siipangi. Hesabu mwenyewe uone. Kutoka Lukla, mita 2,860, unashuka kidogo kulala Phakding. Siku ya pili unapanda Namche, 3,440, na unakaa hapo siku nzima ya ziada. Kisha Tengboche. Kisha Dingboche, na siku ya ziada nyingine. Lobuche. Siku ya nane unafika Gorak Shep na kambini. Kushuka ni siku tatu, na ya kumi na mbili ni ya ndege kutoka Lukla. Ongeza safari ya Nairobi hadi Kathmandu kupitia Doha au Dubai, kwenda na kurudi, na siku ya vibali na manunuzi.

Halafu kuna Lukla yenyewe. Uwanja una njia ya kurukia ya mita 527, imeinama, na mwisho wake ni ukuta wa mlima. Mawingu yakishuka hakuna ndege, leo wala pengine kesho. Miezi ya msongamano ndege nyingi haziondokei Kathmandu bali Manthali, wilaya ya Ramechhap, mwendo wa gari wa saa nne au tano, kwa hiyo hotelini unatoka usiku wa manane. Asiye na siku mbili tatu za akiba ndiye anayezifidia kwa kuruka siku ya Namche au ya Dingboche. Kanuni ya madaktari wa milimani ni hii: ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Siku ya mapumziko ni sehemu ya kupanda. Hiyo ndiyo siku mwili unapofanya kazi.

Omba siku 19. Ukinyimwa, subiri mwakani, au tembea hadi Namche na Tengboche kisha urudi. Wanepali wana neno lao, bistari bistari, na ni ndugu wa damu wa pole pole yetu.

Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, ninywe au nisinywe? (Wasomaji sita, wiki hii pekee)

Nimejibu hili mara nyingi mno, na bado mnaandika kana kwamba ni dawa ya mafua. Muulize daktari anayekujua. Dozi ya kawaida ya kuzuia ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Utakojoa sana na vidole vitawasha kama vina ganzi. Mwenye mzio mkali wa dawa za salfa amweleze daktari kwanza.

Diamox inausaidia mwili kuzoea haraka zaidi. Haikupi ruhusa ya kuendelea kupanda ukiumwa. Kichwa kinauma na kichefuchefu kipo: baki hapo ulipo. Hali inazidi: shuka. Mtu anayumba kama mlevi, hawezi kutembea mstari ulionyooka, anaongea vitu visivyoeleweka, au anahema akiwa amekaa: shuka sasa hivi, hata kama ni saa nane za usiku, na asishuke peke yake. Kijijini Pheriche, karibu na Dingboche, kuna kliniki ya Himalayan Rescue Association, iliyoanzishwa mwaka 1973. Misimu ya watalii madaktari wake hutoa somo la mwinuko alasiri. Nenda ukasikilize, hata kama unajiona mzima.

Visa? (Msomaji, Dodoma)

Mtanzania na Mkenya hupata wakifika Kathmandu, dola 50 kwa siku 30. Hakikisha tena kabla ya kukata tiketi, na beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Nina AS, yaani nimerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, lakini sijawahi kuugua. Kuna shida? (Msomaji, Mwanza)

Asante dada, au kaka, kwa swali ambalo wote mlipaswa kuuliza. Miongozo mingi ya safari za Himalaya iliandikiwa watu ambao kwao selimundu ni jambo la mbali. Kwetu haliko mbali hata kidogo. Kanda ya Ziwa mnalijua kuliko wengi.

Mwenye ugonjwa wenyewe, yaani SS, aliyerithi kwa wazazi wote wawili, asiende kabisa. Upungufu wa oksijeni ndio unaozikunja chembe za damu. Mwenye AS kama wewe kwa kawaida huishi bila tatizo, na wengi hupanda milima wakarudi salama. Lakini wapo ambao bandama, wengine huiita wengu, hukosa damu wakiwa juu na sehemu yake kufa, hata kama hawajawahi kuumwa maishani. Dalili ni maumivu makali upande wa kushoto, chini ya mbavu, pengine na homa na kutapika. Wengi hudhani ni chakula cha njiani, wanameza dawa ya tumbo na kuendelea kupanda.

Muone daktari wa damu kabla hujalipa chochote. Mwambie mwongozaji wako, na hakikisha ameelewa. Kunywa maji sana, usikimbie, ongeza siku. Ukisikia maumivu hayo, shuka bila kujadiliana na mtu. Na wengine wote mnaosoma hapa ambao hamjui hali yenu: kipimo cha damu ni rahisi, kapimeni mwezi huu.

Tuko watatu. Mpagazi mmoja anaweza kubeba mizigo yetu yote ili tuokoe fedha? (Msomaji, Mombasa)

Hapana. Barua hii imenichoma, kwa sababu imetoka kwetu.

Kwenye mageti ya Kilimanjaro mzigo wa mgumu, ndivyo tunavyomwita mpagazi, hupimwa kwa mizani, na mwisho ni kilo 20. Sheria hiyo ilikuja baada ya watu kuumia na kufa. Khumbu utamwona mwanamume amebeba mzigo unaokaribia uzito wake mwenyewe, umening'inia kwa mkanda wa kichwani unaoitwa namlo, akipanda ngazi za mawe za Namche amevaa raba. Wewe uliyetoka nchi ya wagumu huna udhuru wa kusema hukujua.

Wengi mnaandika "Sherpa wetu" mkimaanisha mbebaji. Sherpa ni kabila. Wapagazi wengi ni Warai na Watamang kutoka vilima vya chini, na mwinuko unawapiga sawasawa na unavyokupiga wewe. Chukueni wapagazi wawili. Kabla ya kulipa muulizeni wakala: ana bima? Ana koti na viatu vya theluji? Analala wapi kule Gorak Shep? Akiugua atashushwa na nani? Wakala akibabaika, tafuteni mwingine. Na tipu mpeni mkononi mwake mwenyewe.

Nitapata nyama njiani? (Msomaji, Kigali)

Utaipata, lakini iache. Kwa heshima ya imani yao ya Kibudha, Khumbu hakuchinjwi. Nyama hutoka chini, hupanda mgongoni mwa mtu siku kadhaa bila barafu. Kula dal bhat, wali na dengu, wanakuongezea hadi ushibe.

Nikifika kambini nitakuwa nimeiona Everest? (Msomaji, Muscat)

Kilele hakionekani ukiwa kambini. Panda Kala Patthar alfajiri, juu ya Gorak Shep.

Bima ya kawaida ya safari inatosha? (Msomaji, Kampala)

Haitoshi, ila ikiwa imeandikwa wazi kwamba inagharamia matembezi hadi mita 6,000 na uokoaji kwa helikopta. Namba ya dharura ya bima iwe kwenye karatasi mfukoni, maana simu huzima kwa baridi. Mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza mtandao wa mawakala, kampuni za helikopta na hospitali waliokuwa wakiwashusha watu wasio wagonjwa sana ili kutoza bima. Ukiumwa kichwa Tengboche na mtu akakimbilia kuita helikopta, uliza kwanza kama huwezi kushuka kwa miguu. Lakini usiache helikopta ukiwa unayumba.

Kuna mwenzetu aliyewahi kufika kileleni kabisa? (Msomaji, Moshi)

Wapo. Wilfred Moshi alikuwa Mtanzania wa kwanza, Mei 2012. James Kagambi wa Kenya alifika Mei 2022 akiwa na miaka 62. Mei 2024 Mkenya Cheruiyot Kirui alifariki karibu na kilele akijaribu bila oksijeni ya mitungi, na mwongozaji wake, Nawang Sherpa, hakurudi. Mkimtaja Kirui, mtajeni na Nawang.

Naishi Dar, hakuna mlima. Mazoezi nifanyie wapi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Ngazi za ghorofa, ukiwa na begi la kilo nane, mara tatu kwa wiki kwa miezi mitatu. Wikiendi nenda Uluguru au Usambara utembee siku mbili mfululizo, kwa sababu kinachochosha Khumbu ni kuamka kesho na kutembea tena. Ukiweza, panda Meru, mita 4,566, uone mwili wako unavyofanya juu. Viatu utakavyokwenda navyo vivae kuanzia safari ya Morogoro, visivaliwe mara ya kwanza Lukla.