Anza na mwenye safari ngumu: niliyojifunza kwa kuwakutanisha wenzetu wa kazi Lubumbashi

Dada yangu wa Goma, umesema mko watu kumi na wawili, mmetawanyika Goma, Kinshasa na Kampala, kila mmoja anafanyia kazi kwake, na wengi hamjawahi kuonana ana kwa ana. Unauliza kama inafaa kampuni itoe pesa mkutane siku chache, na uanzie wapi. Inafaa, tena sana. Ila kabla hujapigia hoteli yoyote simu, andika jina la yule ambaye safari yake itakuwa ngumu kuliko za wengine wote. Mipango ianzie kwake.

Mimi niko Lubumbashi. Sisi ni kumi na mmoja: wanne hapa, mmoja Kolwezi, watatu Kinshasa, wawili Bukavu, mmoja Nairobi. Tunatengeneza programu ya simu ya wenye maduka na depo, ya kuandika mali inayoingia na kutoka pamoja na madeni ya wateja. Tangu 2022 mimi ndiye ninayepanga makutano yetu ya mwaka.

Mwaka ule wa kwanza niliharibu, na kosa kubwa lilikuwa la pesa. Niliwaandikia wote: nunueni tiketi, hifadhini risiti, tutawarudishia mkifika. Kwangu ilikuwa karatasi tu. Mwenzetu mmoja wa Bukavu, kijana aliyekuwa na miezi mitano kazini, alipanda boti hadi Goma, akachukua ndege kuja huku, akalala njiani usiku mmoja. Hakulalamika. Miezi mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba zile pesa alizikopa kwa mjomba wake, na kwamba karibu aseme anaumwa ili asije. Niliona haya. Tangu siku hiyo tiketi inanunuliwa na kampuni, na pesa ya njiani (chakula, teksi, kitanda cha usiku mmoja ikibidi) inatumwa kwa simu kabla mtu hajafunga mzigo. Mwaka 2025 benki za Goma na Bukavu zilipofunga milango kwa sababu ya vita, utaratibu huo ndio uliotuokoa. Wewe uko Goma, sina haja ya kukueleza maana ya kumwambia mtu wa huko "tutakuwekea benki".

Kosa la pili lilikuwa ratiba. Nilijaza siku tatu kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kila idara ionyeshe kazi yake ukutani. Siku ya pili jioni mwenzetu wa Kolwezi, mtu asiyesema sana, akanivuta pembeni, akaniita yaya (yaani mkubwa wake): "Yaya, haya yote ungetutumia tukasoma nyumbani. Mimi nimekuja kuwaona watu." Alikuwa na haki. Mambo yanayosomeka yasomwe kabla. Siku za kukaa pamoja ni za yale yaliyoshindikana kwa maandishi.

Nikupe mfano, maana hapa ndipo faida yenyewe ilipo. Kwa miezi kadhaa huyo wa Kolwezi, anayehudumia wateja, alikuwa akivutana kwa ujumbe na mwandishi wa programu aliye Kinshasa. Wa Kolwezi alitaka kiwango cha kubadilishia dola kwa faranga kiweze kurekebishwa na muuzaji mwenyewe, wakati wowote. Wa Kinshasa alisema hapana, kiwekwe mara moja kwa siku, la sivyo hesabu za jioni zitavurugika. Kila mmoja alikuwa na sababu, na kila ujumbe ulikuwa mkavu kuliko uliotangulia. Walifika hatua ya kuandikiana kwa kupitia kwangu.

Makutano ya 2023 sikuwaweka mezani. Niliwapeleka wote wawili katika depo ya unga kwenye soko la Kenya (hiyo ni komini, yaani sehemu ya mji, ya hapa Lubumbashi, mwenzetu wa Nairobi alifurahi sana kusikia jina lake). Mama mwenye depo alikubali wakae naye asubuhi nzima, tukamlipa muda wake. Wakaona jinsi mteja mmoja anavyolipa mfuko nusu kwa dola na nusu kwa faranga, na mama anakubali kiwango fulani kwa mteja wa zamani na kingine kwa mgeni. Wakaona pia jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliandika: mikono yake imejaa unga, hagusi simu mpaka ajifute kwenye kitenge, kwa hiyo mauzo matano au sita anayaweka kichwani kisha anayaingiza kwa pamoja. Kiwango cha saa ile anapoingiza si kile alichouzia. Wa Kinshasa alikaa kimya muda mrefu, halafu akamuuliza mama, kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, kama angependa kuandika kiwango pembeni ya kila mauzo. Mama akasema ndivyo alivyofanya siku zote kwenye daftari. Wale wawili walirudi wakiwa wameinamia karatasi moja kwenye basi, na suluhisho likawa lile la daftari. Hawajawahi kunipitisha ujumbe tena.

Kwa hiyo ukiniuliza wafanye nini wakifika, nitakuambia: tafuta ugomvi mmoja wa kazi uliodumu, na mahali ambapo watu wataona kwa macho kile wanachobishania. Asubuhi mbili za kazi nzito zinatosha. Alasiri waache.

Lugha nayo uiwazie mapema, hasa mkiwa na watu wa Kampala. Sisi tulipoongea Kifaransa, wa Nairobi alibaki anatazama midomo. Tukahamia Kiswahili, wawili wa Kinshasa wakabaki na Lingala yao. Sasa kila kikao kina mtu wa kukaa karibu na asiyeelewa na kumnong'oneza, na kazi hiyo inazunguka ili isimchoshe mmoja. Mezani hakuna haja. Sahani moja sisi tuliiita bukari, wa Bukavu bugali, wa Kinshasa fufu, wa Nairobi ugali, na kabla sombe, yale majani ya muhogo, haijaisha wote walikuwa wanabishana kuhusu mahindi na muhogo.

Mahali pa kulala: kwetu tulihama hoteli ya mjini tukaenda nyumba ya masista upande wa njia ya Kipushi. Vyumba safi, chakula cha nyumbani, bustani ya kutembea, jenereta ipo, na bei ilitubakizia pesa ya nauli, ambayo ndiyo inayokula bajeti. Kama mtakuja Lubumbashi mwezi wa sita au wa saba, waambie wa Kinshasa walete sweta. Usiku kunakuwa na baridi kali na huwa hawaamini mpaka wafike.

Mwaka 2024 mwenzetu wa pili wa Bukavu alikuwa ananyonyesha. Nilimpigia simu peke yake, si kwenye kundi, nikamuuliza nini kinaweza kumzuia. Akasema mtoto. Tukalipia tiketi ya mdogo wake aje amlelee, na chumba cha watu watatu. Hesabu ilipanda kidogo, na mwenye kampuni aliuliza. Nilimjibu kwamba bila hivyo tungekuwa tumekutanisha watu wasio na watoto, si kampuni. Swali hilo la "nini kinaweza kukuzuia" sasa namuuliza kila mmoja kwa simu, miezi mitatu kabla. Majibu hayafanani kamwe: mgonjwa nyumbani, kuogopa ndege, harusi, pasipoti iliyokwisha muda.

Ikaja 2025. Baada ya Februari, Kavumu, uwanja wa ndege wa Bukavu, hakukuwa na ndege tena, na nawe unajua uwanja wa Goma ulivyokuwa umefungwa tangu mwisho wa Januari. Wenzetu wa Bukavu njia yao ilikuwa kuvuka mto Ruzizi kuingia Rwanda na kwenda Kigali kwa barabara. Kuwaleta Lubumbashi kungekuwa kuwazungusha nchi tatu ili warudi katika nchi yao. Tulihamisha makutano Nairobi. Wao walitokea Kigali, sisi na wa Kinshasa tukaruka moja kwa moja, kila mtu na kadi yake ya homa ya manjano mkononi. Wanane kati yetu safari ilikuwa ndefu kuliko ya kuja Lubumbashi, na baadhi walinung'unika mpaka walipowaona wale wawili wanaingia mlangoni.

Kwenu, nadhani wa Goma ndio wenye njia nyembamba. Kama hivyo ndivyo, Kampala huenda ikawafaa kuliko Kinshasa, kwani wa Goma wanaweza kufika kwa barabara. Lakini waulize wenyewe wanapita wapi na wanaogopa nini kwenye kila mpaka, usiwaamulie kwa ramani. Na kurudi pia kuhesabiwe kazi. Makutano yalipokwisha Ijumaa, sisi wa Lubumbashi Jumamosi tulikuwa nyumbani. Wa Bukavu walifika kwao Jumatatu jioni, kwa hiyo tuliwapa hadi Alhamisi kabla ya kuwauliza chochote.