Boti ya Canal du Midi haitaki leseni

Umeuliza kama lazima uwe na leseni ya boti kupita Canal du Midi, ule mfereji wa kusini mwa Ufaransa, hapana ndugu, hizi za kukodi wanakuelekeza kidogo pale pale halafu wanakuachia, mwendo wenyewe mwisho kilomita 8 kwa saa yaani mtu wa baiskeli pembeni anakupita huku anakupungia mkono 😂 Carcassonne mpaka Béziers ni kama kilomita 100, chukua wiki nzima usijibane, kinachokula muda ni yale mageti ya maji, unaingia kwenye kichumba cha mawe chenye umbo la yai, geti linafungwa nyuma, maji yanapungua na boti inashuka nayo, sasa kamba usiikaze wewe ilegeze mdogomdogo la sivyo boti itaning'inia. Na mchana saa ya msosi wanafunga, Wafaransa hapo hawana utani kabisa. Usiku mmoja lala Le Somail, kijiji kidogo kina daraja la mawe la zamani, asubuhi kimya mpaka raha. Ila beba kofia, miti ya kivuli mingi imekatwa sababu ya fangasi. Na Fonseranes pale Béziers usiikose, ni ngazi ya maji kabisa, yaani vichumba vya mageti vimefuatana kama ngazi, ipo tangu karne ya 17.