Re: Kuombea tabianchi kuna maana au tunapoteza muda?

Ndugu yangu umeuliza kama kuna haja ya kuombea tabianchi wakati wanaochafua hewa wako mbali na hata hawatujui. Mimi naomba, na sioni aibu kusema. Huku Kilimanjaro mfereji uliokuwa unapita nyuma ya migomba ya bibi sasa hivi ukiingiza mkono unatoka na vumbi tu, ndo hapo nilipoanza kuomba kwa machozi. Kwanza natubu, maana na sisi tumekata miti, halafu ndo naomba mvua.

Na sio jambo geni, Patriaki Dimitrios wa Konstantinopoli, kiongozi wa Wakristo Waorthodoksi, aliitenga tarehe 1 Septemba kuombea uumbaji tangu 1989, Papa Francis naye akaifuata 2015. Kwetu Walutheri askofu Fredrick Shoo aliitwa kabisa Askofu wa Miti, watoto wa kipaimara wanapanda miche.

Soma Mwanzo 2:15, Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kwa hiyo ukimaliza kusema amina chukua ndoo, kamwagilie ule mche jioni jua likipoa, mi huwa naendelea kuomba hapohapo nikimwagilia.